Huntha si hanithi

Kikundi: Ukoo wa Bibi Majengo

Zuhura: Asalaam aleikum jamaa zangu. Natafsiri kijikaratasi cha usajili wa watoto, nimekwama neno moja. Mtoto akizaliwa intaseksi, yaani maumbile yake hayaingii moja kwa moja kwenye ya kike wala ya kiume, kwa Kiswahili tunamwitaje?

Hamisi: Si hanithi? 😂

Ami Salim: Hamisi, futa hiyo kabla mamako hajaiona.

Hamisi: [Ujumbe huu umefutwa]

Shangazi Rukia: Mamake nimeshaiona.

Ami Salim: Neno ni huntha. Yametoka shina moja la Kiarabu, ndiyo maana msiosoma mnayachanganya. Huntha ni maumbile ya mtu. Hanithi ni tusi la kumvunjia mwanamume heshima.

Zuhura: Ndiyo shida yangu, Ami. Nikiandika huntha, wengi watasoma alivyosoma Hamisi. Kwenye habari naona "mwenye jinsia mbili".

Shangazi Rukia: Hilo silitaki kabisa. Nimezalisha miaka 31. Watu wakisikia "mbili" wanadhani mtoto ana viungo viwili vilivyokamilika, kila jirani anataka kuchungulia nepi. Na wengine huwezi kujua kwa macho. Msichana anafika umri wa kuvunja ungo, haoni damu, akipimwa ndipo inajulikana.

Hamisi: Na "jinsia tata" je? Sasa niko serious, Ma.

Shangazi Rukia: Tata kwa nani? Mtoto ananyonya, analala, hana utata wowote. Wenye utata ni sisi tunaojaza fomu. Ile kesi ya mtoto A, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Kenya 2014, si palipoandikwa jinsia kuliwekwa alama ya kuuliza? Alama ya kuuliza jamani, kwenye karatasi ya mtoto!

Zuhura: Siku hizi afadhali. Sensa ya 2019 iliwahesabu kando kwa mara ya kwanza, wakawa 1,524. Na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja.

Ami Salim: Serikali imechelewa. Vitabu vya mirathi vina mlango wa huntha tangu karne na karne, anarithi vipi ikiwa dalili hazijabainika. Nimeusoma hapa hapa Majengo, nimekaa kwenye mkeka. Kwa hiyo asije mtu kuniambia huntha ameletwa na Wazungu.
Ila yule aliyezaliwa mwanamume asiye na shaka, akasema leo yeye ni mwanamke, huyo simwingizi mlango huo.

Zuhura: Kijikaratasi hakigusi hayo, Ami. Lakini kwa kuwa umeyaanza wewe, naona naye anastahili kusikilizwa. Na Kiswahili chenyewe hakiulizi. Amekuja, amekula, amelala. Wenye Kiingereza wanagombania viwakilishi, sisi "yeye" mmoja anatutosha.

Ami Salim: Hakiulizi? Haya. Hamisi ataoa au ataolewa?

Hamisi: Kwa bei hii ya unga, anichukue yeyote 😭

Ami Salim: Namuuliza Zuhura.

Zuhura: Hapo umenishika. Lakini kadi ya harusi ya Mwanaisha iliandikwa "wanaoana", na pilau ulikula.

Ami Salim: Nilikula pilau, sikuila kadi.

Shangazi Rukia: 😂😂 Mwacheni. Zuhura, mimi wodini sikutumia neno hata moja kati ya hayo. Mama akiuliza amepata nini, nilimwambia: mtoto wako mzima, ila maumbile yake bado hayatuonyeshi kama ni wa kike au wa kiume, daktari atamwangalia, usiharakishe jina. Ni maneno mengi, najua. Lakini tusi refu hivyo hakuna anayeweza kulipiga kelele kichochoroni.

Zuhura: Nayachukua yote, Shangazi. Huntha nitaliweka mara moja tu, na maelezo yake.

Ami Salim: Nitumie nikague kabla hujapeleka.

Hamisi: Jamani, Bibi amesikia tukisomeana haya, ametuma sauti ya dakika nne. Anauliza ni nani amejifungua mtoto huntha, na kwa nini yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Ami Salim: Mwambie hakuna aliyejifungua!

Hamisi: Nimemwambia. Anasema uji wa pilipili manga ameshauteleka jikoni, na sufuria ni ile kubwa. Sasa nani anakuja kuunywa?