Fundi aliyeniambia mbele ya jirani zangu kwamba ukuta si mbuzi hata upumue

Mwenye Nyumba Kiponda:
Assalaam alaykum wana jukwaa. Sitamtaja jina, maana hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuanzia mtaa wa Malindi hadi Shangani, hapana asiyemjua: ni yule ambaye pikipiki yake husikika robo saa kabla hajafika, na ambaye kila ugonjwa wa nyumba huutibu kwa mfuko wa saruji. Asubuhi ya leo nilimwita aje aione plasta aliyoipiga kwa mikono yake katika nyumba ya marehemu bibi yangu. Plasta hiyo imevimba, imetoa chumvi ya kuunga mchuzi wa mtaa mzima, na inadondoka mapande kwa mapande hata wageni wangu wanaingia ukumbini wamejifunika masinia vichwani. Nikamweleza kwa adabu kwamba kuta za mawe ya matumbawe zinataka kupumua. Hakunijibu mimi. Aliwageukia kwanza jirani zangu waliokaa barazani, akahakikisha kwamba wote wanamsikiliza, ndipo akasema: "Mama, ukuta si mbuzi hata upumue." Baraza zima likaangua kicheko.

Ukuta wenyewe una unene wa karibu nusu mita, umejengwa kwa matumbawe, udongo mwekundu, mchanga na chokaa, na tangu enzi za mababu unanyonya unyevu wakati wa masika kisha unautoa jua linapowaka. Yeye ameufunika kwa saruji nje na ndani, akamalizia na rangi ya mafuta, kwa hiyo maji yanayopanda kutoka ardhini na yanayoingia kwenye nyufa hayana pa kutokea. Yanazidi kupanda hadi kwenye vichwa vya boriti, na boriti ikioza, dari inakuja chini. Haya yote nilikuwa nimeyapanga kichwani niyaseme, lakini utasema nini mbele ya watu wanaojifuta machozi kwa kucheka? Aliwageukia wao kwanza! Angeninong'oneza ningemsamehe.

Jirani wa Barazani:
Bibie, nilikuwepo na nathibitisha kwamba hakusema "si mbuzi" tu, bali alipoulizwa na mzee wetu wa kahawa aliongeza kwamba wala si kuku. Naomba radhi kwa kucheka, ila ile sauti ya mbuzi aliyoitoa baadaye ilimshinda kila mtu.

Mwenye Nyumba Kiponda:
Sauti ya mbuzi sikutaka kuitaja hapa. Ahsante sana, jirani mwema.

Zege Imara:
Nasoma malalamiko haya nikishangaa. Saruji imejenga maghorofa na madaraja duniani kote, na leo tunaambiwa ni adui wa nyumba. Dada, uliona saruji inachanganywa mlangoni pako, ukanyamaza, ukalipa. Leo unadai ukuta una mapafu.

Mzee wa Tanuu:
Mwanangu Zege, daraja halikujengwa kwa matumbawe. Saruji ni ngumu kuliko ukuta ule, kwa hiyo ukuta unapocheza kidogo saruji hupasuka, maji ya mvua huingia kwenye ufa, kisha saruji hiyo hiyo huyazuia yasitoke, na chumvi hukomaa nyuma yake hadi inaibandua. Dawa ni kuibomoa taratibu, kuuacha ukuta ukauke, kisha kuupiga chokaa kwa matabaka membamba yanayonyunyiziwa maji. Lakini hiyo chokaa iko wapi? Siku hizi wanatuuzia chokaa ambayo haikulazwa shimoni ikaiva, unapaka leo, kesho inafyatuka vidonge vidonge kama bisi. Huyo mwenye tanuu la kuchomea chokaa mnamjua, na siku nilipomrudishia gunia aliniambia macho yangu ya uzee ndiyo yanayoona vidonge.

Mtumwa wa Theluji:
Shikamoo mzee. Mimi niko Minneapolis, ambako nyuma ya vinili, yaani mabamba ya plastiki yanayofunika kuta kwa nje, watu hubandika povu gumu la kuzuia baridi. Nilitaka lile linalopitisha mvuke, pamoja na upenyo wa hewa nyuma ya vinili. Fundi wangu akabandika povu lenye karatasi ya plastiki, juu ya nyumba ambayo tayari ina plastiki upande wa ndani, basi mbao zimefungiwa pande zote mbili. Unyevu ulioingia humo hautoki, na baridi ikikaza unageuka maji juu ya mbao. Sasa zinaoza. Nilipomwita alinusa ukungu akaniambia hiyo ni harufu ya pilau yangu.

Mwenye Nyumba Kiponda:
Pole ndugu yangu, lakini wewe alikutukana mkiwa wawili. Mimi aliwageukia watu kwanza.

Mtumwa wa Theluji:
Mke wangu na mama mkwe walikuwepo, na pilau lilikuwa la mama mkwe.

Mzee wa Tanuu:
Hilo ni zito zaidi.

Mpangaji Shangani:
Nyote mna nafuu. Kiyoyozi cha hoteli iliyo jirani yangu kinadondoshea maji ukuta wa chumba changu usiku kucha, chokaa imekuwa kijani, na meneja anasema ni umande.

Zege Imara:
Umande wa kila siku mahali pamoja? Tuwekee picha ya huo mpira wa kiyoyozi.