Hizi tatu tuwachangie watoto? Mjadala wa mchango kwenye kaunta ya supamaketi

Mzee wa Kisauni (mwenye mada)

Jumamosi nilikuwa kwenye supamaketi moja hapa Mombasa, jina nalihifadhi. Nimebeba unga, mafuta lita mbili, sabuni ya kufulia na maziwa. Hesabu ikaja 1,397, nikatoa 1,400. Keshia, binti mdogo tu, akaniuliza huku macho yako kwenye mashine: "Hizi tatu tuwachangie watoto?" Nyuma yangu watu sita, mmoja ana mtoto analia. Nikasema haya, wachangie. Nimefika stejini nasubiri matatu ndipo swali likanijia: watoto gani? Nikatoa risiti mfukoni. Imeandika nimelipa 1,400, chenji 3. Hizo tatu zimekwenda wapi, karatasi haisemi.

Sasa nauliza wenzangu: ni haki duka kumwomba mteja mchango pale pale anapolipa?

Mimi nasema si haki. Kisanduku kikae kwenye kaunta, mwenye kutaka atie. Swali ndilo liondoke. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini pale kwenye foleni moyo hauulizwi, inayoulizwa ni aibu. Mtu anatoa ili yaishe aondoke.

Na tusisahau tulikotoka. Bei zikiwa 99 na 199, shilingi ya kurudisha hakuna, tukawa tunasukumiwa peremende. Tukalalamika mpaka basi. Nahisi peremende ile ile imerudi, safari hii imevaa kanzu.

Keshia wa Zamani

Shikamoo mzee. Nimekaa kwenye hiyo kaunta miaka minne, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Asubuhi unapewa chenji ya kuanzia kazi. Sarafu za shilingi moja zikifika saa nne ni bahati. Baada ya hapo kila mteja wa 397 ni ugomvi. Kuna baba aliwahi kunisimamisha dakika kumi kwa shilingi mbili, na haki ilikuwa yake, ila mimi sina pa kuzitoa. Sasa duka likileta habari ya mchango, keshia anapumua. Nakubali, hapo mzee umepiga penyewe: swali lenyewe mara nyingine linaulizwa kwa sababu droo ni tupu.

Lakini hilo la kuacha kisanduku peke yake sikubali. Kwetu tulijaribu. Msimamizi alituambia tuache kuuliza, wateja wamechoka. Kisanduku kikakaa pale, kina picha ya mtoto ubavuni, kwa mwezi mzima hakikufika nusu. Watu si wabaya, hawakioni! Kiko katikati ya betri na ubani wa kutafuna. Ukiuliza kwa upole, wengi wanatoa. Na wanaotoa sana si wenye matoroli yaliyojaa. Ni wale wa kikapu: mkate, maziwa, nyanya. Kulikuwa na mama mmoja anauza mahamri, kila jioni anatia sarafu yake mwenyewe bila kuulizwa. Huyo ndiye aliyenifanya na mimi nianze kutia.

Bint Mhasibu

Kabla hatujafika mbali, kuna neno linazunguka kila mjadala huu ukianza, kwamba supamaketi inachukua mchango wako halafu inapunguziwa kodi. Hesabu haziendi hivyo. Pesa zako si mapato ya duka. Inatakiwa ziandikwe kama amana, ziingie na zitoke, faida ya kodi hapo hakuna. Duka likizidai kama sadaka yake lenyewe, huo ni udanganyifu.

Mwenye haki ya nafuu ya kodi, kama shirika limeidhinishwa na kuna stakabadhi, ni wewe uliyetoa. Kwa shilingi tatu najua hutasumbuka.

Kinachoniudhi mimi ni sifa. Chukua duka lenye wateja elfu moja kwa siku, kila mmoja aache shilingi tatu. Hiyo ni 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi. Siku ya kukabidhi utaona hundi ya kadibodi ndefu kama mlango, jina la duka juu kwa herufi kubwa, meneja anatabasamu. Mama wa mahamri hayumo kwenye picha.

Halafu kuna sheria. Tuna Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inayotaka ukusanyaji wa fedha kwa umma uwe na leseni. Mzee, siku nyingine uliza leseni ni ya nani, ya duka au ya hao wanaopelekewa mchango. Mimi nisingepiga marufuku swali. Ningetaka mstari mmoja kwenye risiti: mchango 3, jina la anayepokea. Na karatasi mlangoni kila mwisho wa mwezi: tumekusanya kiasi hiki, tumekabidhi tarehe fulani. Basi.

Mswahili wa Leicester

Huku Uingereza kuna jambo nililipenda. Maduka ya Waitrose kwa miaka mingi yalikuwa yakikupa kidude cha plastiki cha kijani ukishalipa. Karibu na mlango kulikuwa na masanduku matatu ya vyama vya hisani vya mtaani, ulikuwa unatia kidude unakotaka. Fedha zilitoka kwa duka, wewe ulikuwa unapiga kura tu. Nikimpeleka binti yangu, alikuwa akigombania kutia yeye.

Na mifuko pia. Toka Oktoba 2015 maduka makubwa ya England yanatoza mfuko wa plastiki, mwanzo peni 5, mwaka 2021 ikapanda hadi peni 10, na serikali inatarajia pesa hiyo iende kwenye mambo ya heri. Kwetu Kenya mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka Agosti 2017, tukaanza kununua ile ya kitambaa kwenye kaunta. Yale mauzo yanaenda wapi? Hapo ningeanzia, kabla ya kumgusa mteja shilingi zake tatu.

Abu Nia

Waislamu tunafundishwa sadaka ya mkono wa kulia ambayo wa kushoto haukujua. Wakristo nao wanayo kwenye Injili ya Mathayo. Huko kwenye foleni wamejua watu sita na mlinzi.

Kijana wa Tudor

Wazee wangu, mnagombania sarafu na sarafu yenyewe inakufa. Mimi nalipa kwa M-Pesa, 1,397 kamili, hakuna cha kurudishwa. Hilo swali litahamia kwenye simu na mashine, kitufe cha ndiyo na kitufe cha hapana, na cha ndiyo ndicho kitakuwa kikubwa. Hiyo ndiyo mada ya kujadili.

Na simu si mbaya. Mwaka 2011, ukame ulipoibana kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilitaka kukusanya milioni 500. Watu wakatuma kwa M-Pesa hata shilingi kumi. Sikumbuki mtu akiuliza watoto gani. Turkana tulikuwa tunaiona kwenye taarifa ya habari kila usiku, na Msalaba Mwekundu ulijulikana ndio utakaofikisha chakula.

Mzee wa Kisauni

Marahaba Keshia wa Zamani. Kwenye kisanduku umenishinda, nimekubali. Swali na libaki, kwa sharti la Bint Mhasibu la risiti. Kijana wa Tudor, hilo la kitufe kikubwa limeninyima usingizi.

Jumanne nimerudi duka lile lile. Nimenunua chumvi na majani ya chai, hesabu 247, nikatoa 250. Binti yule yule, swali lile lile. Nikamwambia, "Mwanangu, watoto gani?" Akasimama. Akamwita msimamizi. Msimamizi akasema ni wa kituo kimoja upande wa Likoni, jina limemtoka, ngoja amuulize meneja. Akaenda. Nyuma yangu watu wakaanza kusonya, na mimi nikaanza kutokwa na jasho. Binti akafungua droo, akachimba chimba, akanipa sarafu tatu za twiga mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Babu, hata mimi sijui."

Ziko hapa juu ya friji. Mwenye kujua kituo cha Likoni aniambie.