Makumbusho ya "Krismasi ya Zamani" Nairobi: tumelipa kuonyeshwa Krismasi ambayo haikuwahi kuwepo

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Kama umeona lile bango la "Krismasi ya Zamani" lililobandikwa kwenye kila nguzo ya stima kutoka mjini hadi huku kwetu Eastlands, soma hapa kwanza kabla hujatoa pesa. Jina la wenyewe silitaji, sitafuti kesi. Aliyeliona bango anajua nazungumzia nini: ukumbi uliofunguliwa msimu huu, umejiita makumbusho, na unaahidi "kuwarudisha wazee utotoni na kuwaonyesha watoto Krismasi waliyoikosa."

Ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mama yangu yuko kwangu kwa ajili ya kliniki ya macho, kwa hivyo mwaka huu hatuendi ushago. Nikaona hapa pana kitu ambacho Shosho na wajukuu wake watakifurahia pamoja. Tukatoka jeshi zima: mimi, mama watoto, Mama, watoto watatu, na dada yangu mdogo ambaye hakosi penye kupigwa picha.

Kiingilio mtu mzima 1,500, mtoto 1,000. Bangoni imeandikwa "kuanzia 500". Ukifika pale ndipo unaambiwa hiyo 500 ni ya mtoto wa chini ya miaka mitatu, tena akija katikati ya wiki. Unalipa kwa till, na jina linalotokea kwenye simu ni la mtu binafsi, si la ukumbi. Ukiomba risiti unaambiwa meseji ya M-Pesa ndiyo risiti. Haya, hiyo ndiyo Nairobi, nimezoea, nikameza.

Kilichonikaa kooni ni ndani.

Vyumba viwili vya kwanza ni vya ng'ambo, na nitasema ukweli, vimeandaliwa vizuri. Kuna ukuta unaoeleza kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani: London, 1843, Henry Cole ndiye aliyeiagiza, John Callcott Horsley akaichora, ikauzwa shilingi moja ya Kiingereza. Kuna kabati la mipira ya vioo ya kupamba mti, na maelezo ya mji wa Lauscha kule Ujerumani inakopulizwa. Kuna picha kubwa ya mti wa Trafalgar Square, ule ambao mji wa Oslo umekuwa ukiwapelekea watu wa London kila mwaka tangu 1947 kama shukrani ya msaada wa wakati wa vita. Nilipofika nyumbani nilipekua moja baada ya jingine. Yote sawa. Kuna mtu alikaa chini, akasoma, akahakikisha.

Sasa ingia chumba cha Kenya. Kwanza ukitafute, maana kiko nyuma kabisa, kwenye ujia wa kwenda vyooni.

Wamejenga kibanda cha udongo na nyasi, ndani wameweka kiti, kibuyu na redio. Kibandiko kinasema: "Familia ikisikiliza salamu za Krismasi kupitia KBC, 1975." Mama akavaa miwani, akasogea, akakisoma, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakukuwa na KBC." Ni kweli. Shirika la utangazaji la taifa liliitwa KBC kwa muda mfupi kabla ya 1964, kisha likawa Sauti ya Kenya, VoK, hadi 1989 jina la KBC liliporudi. Mwaka 1975 ukimtajia mtu KBC angekuuliza ni ugonjwa gani.

Lakini hilo hata silo lililomshangaza. Alikuwa anaiangalia ile redio kwa nyuma. Ilikuwa na waya wa stima, umekunjwa vizuri na kufungwa kamba. Redio ya stima, ndani ya kibanda cha nyasi, kijijini, 1975. Mama akaanza kuwaeleza watoto jinsi redio ya babu yao ilivyokula mawe sita makubwa, yaani betri, na jinsi mawe yalipoanza kuisha yalivyoanikwa juani juu ya bati tangu asubuhi ili yapate nguvu kidogo ya jioni. Wiki ya Krismasi redio haikuguswa ovyo. Mawe yaliwekwa akiba ya salamu, kwa sababu ukikosa kusikia salamu za mjomba aliye Mombasa hujui kama anakuja au haji, na kama haji basi na nguo haziji.

Watoto walikuwa wamekaa kimya wanamsikiliza, na hapo ndipo nilipokuwa napata thamani ya pesa yangu. Mara kijana wangu wa gredi ya nne, aliyekuja na daftari kwa sababu mwalimu amewapa kazi ya likizo kuhusu sherehe za zamani, akamkatiza: "Lakini Shosho, hapa wameandika KBC."

"Walikosea, baba."

"Lakini wameandika."

Na akaandika KBC kwenye daftari. Mama alimtazama, hakusema kitu, akasogea kabati la pili. Wadau, hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka, maana nimemleta mama yangu mahali ambapo karatasi iliyogandishwa ukutani inamshinda yeye aliyekuwepo.

Kabati la pili ni pakiti ya maziwa ya Nyayo. Kibandiko: "Zawadi ya Krismasi kwa watoto wa shule, 1968." Jamani! Mwaka 1968 rais ni Kenyatta, na neno Nyayo halijawa wimbo wa mtu yeyote. Maziwa yale ya bure ya shuleni yalianza 1979, Moi akiwa tayari ameingia Ikulu. Sisi tuliyoyanywa tunajua, na tunajua pia kwamba Desemba shule zimefungwa. Nani alikuwa anakabidhiwa pakiti ya Krismasi shuleni, bawabu?

Halafu kuna mfano wa matatu, mkubwa kiasi cha watoto kuingia na kuketi. "Safari ya Krismasi kwenda mashambani, 1985." Ina mstari wa manjano ubavuni. Ina mikanda ya usalama. Sijui mnanielewa? Mstari wa manjano ni sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Februari 2004! Mtoto yeyote wa Nairobi aliyezaliwa kabla ya hapo anakumbuka wiki ile magari yalivyopotea barabarani watu wakaenda kazini kwa miguu. Mwaka 1985 ulikuwa unasafiri kwa Peugeot iliyoshindiliwa, au unakesha Machakos Country Bus na magunia, au unapambana kule OTC, jina ambalo stendi bado inalo ingawa mabasi yenyewe yalikwisha zamani. Godoro juu ya keria, jogoo miguuni amefungwa kamba, makanga anakwambia nauli imepanda tangu asubuhi na kama hutaki shuka. Mkanda gani?

Na meza ya chakula. Katikati ya meza: bata mzinga wa plastiki. Maelezo: "Mlo wa kawaida wa Krismasi katika familia nyingi za Kenya." Dada yangu alicheka hadi akashika ukuta. Nyumbani kwetu Krismasi ilikuwa chapati, na wengi wenu hapa mtaniunga mkono, kwa sababu chapati hazikuwa chakula cha Jumanne kama siku hizi. Unga wa ngano ulinunuliwa mara moja kwa mwaka, na mkebe wa Kimbo ulifunguliwa mbele ya watu. Pale mezani hapakuwa na chapati hata moja ya kuchora.

Kisichokuwepo ndicho kinachoniuma zaidi ya kilichokosewa. Hakuna kadi zilizotundikwa kwenye uzi kutoka pembe moja ya sebule hadi nyingine. Hakuna karatasi za chooni za rangi ya waridi zilizosokotwa kuzunguka dari. Hakuna wapiga picha wa Uhuru Park, wale wa kulipa nusu halafu unangoja filamu iishe ndipo usafishiwe. Hakuna familia nzima iliyoshonewa nguo kutoka jora moja la kitambaa, baba hadi kitinda mimba. Vitu hivi havihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Vimejaa kwenye albamu za watu Makadara na Jericho, ungeazima tu.

Mti? Wa plastiki, na mashine inaupulizia povu kila baada ya dakika chache. Kabla mtu hajaniambia nimeingiwa na uzalendo wa Desemba: najua hata saiprasi tuliyokuwa tunakata si ya kwetu kwa asili, ilitoka Meksiko. Najua tuliichomeka kwenye mkebe wa mchanga tukaipamba kwa pamba ya hospitali kuigiza theluji ambayo hatukuwahi kuiona. Sawa kabisa. Hiyo pamba ndiyo historia yetu, na hiyo ndiyo niliyolipia. Ingewagharimu shilingi mia moja dukani.

Mama alimuuliza msichana aliyekuwa akilinda kile chumba, kwa upole, "Mwanangu, haya nani aliyaandika?"

"Shosho, sisi tuliletewa yakiwa yamechapishwa."

"Na hamkuuliza mzee yeyote?"

"Shosho, tafadhali usiegemee kamba."

Simlaumu huyo msichana, wala kijana wa watu aliyekuwa akitokwa jasho ndani ya joho jekundu na ndevu za pamba huku wazazi wakimgombeza. Hao wamepata kibarua cha msimu. (Picha naye ni 500, na kwenye chumba chake simu yako hairuhusiwi kupiga picha. Mdogo wetu alilia mpaka tukalipa.) Chakula sitakiongelea sana: "mlo wa kienyeji" 850, chapati moja baridi na kipande cha kuku ambacho kilikuwa shingo.

Nilimtafuta msimamizi. Alikuja akitabasamu, akanisikiliza nusu, akaniambia, "Mzee, hii ni burudani, si darasa." Nikamwambia basi toeni neno makumbusho kwenye bango. Akaniambia pesa hazirudishwi, ipo kwenye masharti. Masharti yako wapi? Kwenye tovuti.

Huyo ndugu namjibu hapa. Burudani na ukweli vinakaa nyumba moja bila kugombana. Nenda Makumbusho ya Reli, ipo tangu 1971, haina povu wala taa za rangi. Watoto wangu walipanda injini za zamani wakajipaka masizi, wakasimuliwa habari za lile behewa ambalo Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliuawa na simba ndani yake pale Kima mwaka 1900, na hadi leo wanaisimulia wakienda kulala. Ni burudani, na tarehe ni sahihi.

Na kuhusu pesa kutorudishwa: Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo, pamoja na fidia akipata hasara. Tena ipo Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Masharti ya tovuti hayafuti Katiba. Sijui kama nina nguvu za kufuata 9,000 na ushee mahakamani, lakini wasinifumbe macho.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyeandika kwamba watoto hawajali tarehe, rudi juu usome habari za daftari. Wangu ameijali tarehe hiyo, ameiandika, na atamsomea mwalimu mwezi wa kwanza. Tumekaa naye tukaifuta pamoja na akakubali, ila alitaka kwanza tumwonyeshe kwenye intaneti. Neno la Shosho peke yake halikutosha.

Aliyesema waandaaji ni vijana wanaojaribu biashara, tuwape moyo: moyo ningewapa kama chumba cha London nacho kingekuwa na makosa. Waliweza kuhakikisha jina la mchoraji wa 1843, wakashindwa kumpigia simu nyanya mmoja wa Kenya aliye hai.

Aliyeuliza kama nimewaandikia rasmi: ndiyo. Mama aliketi na dada yangu wakaorodhesha makosa yote, tukayatuma kwenye namba yao ya WhatsApp pamoja na picha za ile redio kutoka nyuma. Tiki mbili za bluu, kimya. Jana wakaweka mtandaoni picha yetu tukiwa kwenye ile matatu, bila kutuuliza, na maneno "Familia zinafurahia!" Mama anaonekana vizuri kabisa, amenuna.

Waliokwisha kulipia wiki ya Krismasi: pigeni picha ya bango kabla hawajalibadilisha, wekeni meseji ya M-Pesa, na mkifika mlangoni ombeni risiti yenye jina la kampuni kabla ya kuvaa ule mkanda wa mkononi. Wakikataa, rudini. Na kama kuna mtu hapa ameshawahi kufanikiwa kudai pesa kwa till yenye jina la mtu binafsi, anieleze alianzia ofisi gani.