Naomba ushauri: filamu za familia za Kiajemi, niendelee na zipi baada ya Farhadi?

Wakuu, salaam. Nimetazama "A Separation" ya Asghar Farhadi, ile iliyochukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2011 na Oscar mwaka uliofuata, na bado haijanitoka kichwani. Mume hawezi kumwacha baba yake mzee aliyepoteza kumbukumbu, mke anataka wahame nchi kwa ajili ya binti yao, na kila mmoja ana haki yake. Mambo ya nyumbani yanafika mahakamani, nawe unashindwa kabisa kuchagua upande. "Children of Heaven" ya Majid Majidi, ya kaka na dada wanaopokezana jozi moja ya viatu, wanangu wameipenda mno.

Sasa nataka waongozaji wanawake. Nianze na Rakhshan Bani-Etemad, ambaye filamu yake "Tales" ilipata tuzo ya mswada bora wa filamu kwenye tamasha la Venice mwaka 2014, au kuna mwingine mwepesi kwa familia? Zinapatikana wapi kihalali? Mke wangu hawezi kufuata maandishi ya Kiingereza yanayopita haraka, kwa hiyo mwenye kujua yenye tafsiri ya Kiswahili anisaidie sana. Na mliozoea kwenda ZIFF Zanzibar, tamasha la filamu la nchi za majahazi, filamu za Iran mmewahi kuziona pale?