Naombeni ushauri: ramani moja, kaunti mbili, masharti tofauti

Ndugu zangu, mimi na kaka yangu tunajenga kwa ramani moja, iliyochorwa na msanifu mmoja. Ploti zetu ziko jirani, ila katikati unapita mpaka wa kaunti. Yake ilipitishwa. Yangu imerudishwa mara mbili: kwanza niongeze nafasi ya kuacha kutoka kwenye ua, kisha nihamishe shimo la majitaka. Udongo ni uleule, mvua ni ileile!

Kwa miaka mingi Kenya ilitegemea kanuni za ujenzi za 1968. Sasa kuna Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, lakini vibali bado vinatolewa na kila kaunti, na ziko 47.

Sitaki njia ya mkato. Nakumbuka jengo la ghorofa la Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016, na katika nyumba hii yangu nitalala na wanangu. Naomba kujua: aliyekwama hivi alianzia wapi? Nidai kwa maandishi kifungu wanachotumia, au nimwachie msanifu wangu? Na kanuni za kitaifa zikipishana na sharti la kaunti, mmeona lipi likifuatwa?