Tuliobeti kikapu cha vyuo vya Marekani mwezi wa kumi na moja, tupeane uzoefu

Nusu_Pointi: Wakuu habari za usiku. Jana nimekesha hapa Mbagala mpaka saa kumi na moja alfajiri sababu ya spredi ya 22.5, yaani timu niliyoibetia lazima ishinde kwa pointi 23 au zaidi ndo nile. Timu yangu inaongoza kwa 25, zimebaki sekunde kama nane, kocha ameshaingiza wale watoto wa benchi ambao jezi zao hazijawahi kuona jasho, mara dogo wa timu pinzani anarusha tatu kutoka huko mbali, mpira ukagonga chuma ukaruka juu ukarudi ukazama. Tofauti 22. Wenzangu uwanjani wanapeana mikono wanacheka, mimi mkeka umechanika. Semeni na nyie nisijione peke yangu.

Kayole_Finest: Pole buda. Hiyo nusu ni shetani.

BabaPili: Umenikumbusha mbali mdogo wangu. 2019 nilikuwa Indianapolis, kubeti kwa simu ndo kumeruhusiwa Indiana Oktoba ile. Novemba 26, Jumanne, keshokutwa yake Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga. Chuo cha Duke namba moja nchi nzima, wako kwao uwanja wa Cameron, timu za nje ya ligi yao walikuwa wamezipiga pale mechi 150 mfululizo, anakuja Stephen F. Austin, mimi nikadhani hilo ni jina la mtu (kumbe ni la mtu na la chuo, kipo Texas). Spredi 27 na ushee. Nikawawekea Duke dola 550 nipate 500, na ile ni hela ya kodi ya Desemba, nikamwambia mama Pili bata mzinga wa mwaka huu nachukua mkubwa. Dakika zinaenda Duke hawachomoki, nikasema watafunguka kipindi cha pili, wapi. Ikaenda dakika tano za nyongeza, hapo spredi ilishazikwa zamani lakini nimekaa tu kama mtu anaangalia nyumba yake inaungua. 83 kwa 83, mpira wanao Duke, ukagombaniwa chini ukachomoka, Nathan Bain akakimbia nao uwanja mzima akauweka muda ukiisha. 85-83. Nikajikuta nimeruka nashangilia! Mama Pili akaja mbio na mwiko mkononi akijua tumeshinda.

Shangazi_Tandale: 😂😂 na mwiko!! Kodi mlilipaje sasa?

Ustadh_K: Kamari ni haramu, mnacheka nini?

Kayole_Finest: Ustadh uzi umeandikwa kubeti na bado umefungua.

Ustadh_K: Nimepita kunasihi.

Columbus_Boy: BabaPili kwa heshima zote kosa ni lako. Wiki mbili kabla, Kentucky nao wakiwa namba moja walipigwa kwao 67-64 na Evansville, na Evansville ni hapo hapo Indiana kwako. Mwanzo wa msimu timu kubwa haijuani, nusu ya kikosi ni usajili mpya, na zile hesabu za viwango bado zimebeba mambo ya mwaka jana. Novemba chukua mnyonge mwenye pointi nyingi, akifungwa kwa chini ya hizo unakula, basi.

Nusu_Pointi: Mkuu nilichukua mnyonge Jumamosi nikapewa pointi 30, kafungwa kwa 46. Vyuo vingine vinalipwa kabisa kuja kufungwa.

Columbus_Boy: Ungesubiri Desemba.

Mzee_wa_Odi: Desemba waliopanga spredi nao wameshazijua timu, utakula nini? Beti kipindi cha kwanza tu, watoto wa benchi hawajaingia. Na kwa 110 kupata 100 lazima upatie zaidi ya 52 kwenye kila mia ndo usile hasara. Mimi nina 49 😅

Kayole_Finest: 49 na unatoa ushauri!

Shangazi_Tandale: Huyo Bain si ndo familia yake kimbunga Dorian kiliwaharibia nyumba Bahamas? Baada ya hiyo mechi watu walimchangia dola zaidi ya laki moja.

Kayole_Finest: Na BabaPili akachangia kodi.

Shangazi_Tandale: BabaPili shemeji, hujajibu.

BabaPili: Shifti za usiku ghalani wiki tatu. Bata mzinga hakuja, tulikula ugali na mapaja ya kuku, na mama Pili mpaka leo nikishika simu Novemba anauliza "Austin yuko uwanjani?"

Nusu_Pointi: Wakuu leo saa tisa usiku kuna moja ya 19.5, nani yuko macho?