Naomba ushauri: Chemchemi za Mzima na mama mwenye goti bovu

Wadau, hamjambo. Mwezi ujao nampeleka mama Tsavo Magharibi, hasa chemchemi za Mzima, akaone viboko. Ana miaka 71 na goti linamsumbua. Akitembea kidogo tu, anatafuta pa kukaa. Nilimpigia wakala mmoja wa safari, akanijibu "hakuna shida dada". Jibu gani hilo!

Najua pale mnashuka garini na kufuata njia kwa miguu, hadi kile chumba kilichozama majini cha kutazamia samaki. Mlioenda karibuni, njia hiyo ina ngazi au mawe ya kuteleza? Na tukiingia asubuhi kwa lango la Mtito Andei, tutafika kabla jua halijawa kali, au bora tulale humo mbugani?